Paa la Boniphace

Wewe unayesoma haya, umewahi kuiogopa nyumba yako mwenyewe? Si pagale la watu lenye popo. Nyumba yako, uliyofyatua matofali yake kwa mikono yako, ukayachoma, ukayabeba kichwani.

Eufrasia aliiogopa ya kwake asubuhi moja ya mwezi wa saba, pale Butiama, jua likiwa bado nyuma ya mawe ya mlima. Alikuwa amemshika mumewe makwapani, anamburuta kuelekea mlangoni, na visigino vya mumewe vilikuwa vinachora mistari kwenye sakafu aliyoikandika juzi tu kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kizito, kinagonga kama kinu. Hakupiga kelele. Alijisemea tu moyoni, mlango, mlango, mlango, mpaka mgongo wake ukaufikia, akausukuma, na hewa baridi ikampiga usoni.

Alimlaza Boniphace kwenye majani yenye umande, ubavu mmoja. Akampangusa mdomo kwa upindo wa khanga. Akangoja. Kifua cha yule mwanamume kilikaa kimya muda ambao Eufrasia hakuwahi kumsimulia mtu urefu wake. Kisha kikavuta hewa kwa mkwaruzo, kikaitapika, kikavuta tena.

"Umenileta huku kufanya nini, mama Gati?" Boniphace aliuliza, alipopata sauti.

"Kuota jua."

"Jua lenyewe halijatoka."

"Tutalingoja," akasema Eufrasia, akakaa palepale chini.

Ndani, jiko la mkaa lilikuwa limekaa kando ya kitanda, limegeuka majivu meupe. Alikuwa amelileta jioni kwa ajili ya baridi. Kuni alizikataa, maana kuni zina moshi, na moshi ndio aliokuwa anaukimbia tangu mume wake arudi nyumbani. Mkaa uliokwisha kuwaka vizuri hauna moshi, hauna harufu, unang'aa tu mwekundu kama kitu chema. Ndiyo maana aliuamini, akafunga dirisha, akafunga mlango, akalala. Ujue, moshi unakukohoza ukimbie. Mkaa haukwambii kitu.

Lukresia, mjane wa nyumba ya chini, ndiye aliyefika kwanza, mswaki wa mti ukiwa mdomoni. Aliwatazama wale wawili kwenye majani, akautazama mlango ulio wazi, akaelewa.

"Mimi nilikuwaga nasema," akaanza. "Hiyo nyumba ni chupa. Sasa umeona mende anavyokufaga kwenye chupa."

"Mende wangu amepona," akasema Eufrasia.

"Mende anasikia," akasema Boniphace kutoka chini.

Lukresia akacheka mpaka mswaki ukamdondoka. Kisha akaenda kumtafutia maziwa.

Sasa nikueleze nyumba yenyewe. Boniphace alifanya kazi miaka mingi katika kinu kimoja cha pamba huko Bunda. Alikuwa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, nyuzi nyeupe zikiwa zimemnasa kwenye nyusi, analala, anaondoka. Zile nyuzi ambazo hazikunasa kwenye nyusi zilikwenda mahali pengine, na alipopunguzwa kazini alirudi na sanduku la bati na kifua kinacholia. Eufrasia kwa miaka yote hiyo alikuwa Butiama, analima mtama na mihogo, na kila kiangazi anashuka kijitoni kufyatua matofali. Tanuri alilipanga mwenyewe, akalikandika, akalichoma kwa magogo ya mikwaju. Kilichokosekana kilikuwa paa. Ilikuwa ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni, bati ulilipata kwa kibali, na kibali ulikipata ukijuana na mtu. Halafu maduka ya Musoma yakaanza kujaa tena, taratibu, na bati zikawa zinaegemezwa nje ya duka mchana kweupe, yeyote anunue. Mafao ya Boniphace yaliishia huko. Bati zilipanda lori pamoja na mbuzi na magunia ya dagaa, zikafika zikinuka ziwa.

Aliyejenga ni fundi Burito. Alijenga vizuri, kona zimenyooka. Alipomaliza kupiga bati, kukabaki ule mwanya kati ya ukuta na paa, juu ya mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta. Burito akauziba kwa vipande vya matofali na udongo pande zote, akidhani anafanya hisani. Popo wasiingie, mwizi asichungulie, na watu wasije kusema Boniphace amejenga banda. Matiko, mdogo wake Boniphace, alisimama pale chini siku hiyo akisema, "Ziba, fundi. Ziba kabisa." Boniphace mwenyewe, kila alipoulizwa dirisha liwe wapi, mlango uelekee wapi, alijibu neno moja: "Mama Gati anajua."

Na mama Gati, je, alijua? Yeye alizaliwa Bugwema, katika nyumba ya nyasi. Moto wa mama yake uliwaka katikati ya nyumba usiku na mchana, na moshi ulitoka wenyewe kwenye nyasi, polepole, kama jasho linavyotoka kwenye nguo. Hakuna aliyeutengenezea njia, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba unahitajiaga njia. Bati zilipokuja, watu walijenga vilevile walivyozoea, wakaongeza kuziba. Ndivyo walivyojikuta ndani ya chupa, mchana wanaungua, usiku wanaganda.

Jambo pekee alilolijua Eufrasia ni kwamba moshi na kifua kile havipatani. Kwa hiyo alijenga jiko mbali, nyuma kabisa, karibu na zizi. Huko ndiko alikoshinda, na chakula alikileta kimefunikwa kwa kawa, akakiweka mezani, akarudi kukoroga.

Baada ya asubuhi ile alimpeleka Boniphace zahanati kwa baiskeli, yeye akisukuma, mgonjwa amekaa nyuma. Nesi Ursula alimpima mgongo kwa ule mpira wa masikioni, akasikiliza sana.

"Mama, kifua hiki kinataka hewa," akasema. "Hewa inayotembea. Na kinataka joto. Baridi ya alfajiri ikikipata tena namna hii, sitakudanganya, mwezi wa nane hataumaliza."

"Hewa na joto."

"Vyote viwili."

"Nikifungua anapata hewa, anakosa joto. Nikifunga anapata joto, anakosa hewa."

"Hapo sasa ndio kazi yako ilipo," akasema nesi, wala hakusema kwa dharau.

Walipofika nyumbani Eufrasia alisimamisha meza, juu ya meza akaweka kigoda, akapanda na nyundo, akaanza kung'oa vile vipande vya matofali vilivyoziba mwanya. Udongo ulimwagika machoni, akafumba, akapiga kwa kupapasa. Alikuwa amezunguka kuta mbili Matiko alipotokea mlangoni.

"Shemeji, unabomoa nyumba ya kaka?"

"Naifungulia pua."

"Popo wataingia."

"Popo wanapumua. Wataelewana."

Matiko alikuwa mtu mwema, mwenye sauti kubwa tu. Alivua koti, akaanza kuokota vipande vilivyoanguka. Jioni ile nyumba ilikuwa na mstari wa mwanga unaouzunguka ukuta wote juu, kama mfuniko ulioinuliwa kidogo. Eufrasia akaugongomea wavu wa waya ili popo wabaki kwao. Kesho yake akatoboa matundu madogo chini, karibu na sakafu, upande usiopigwa na upepo wa mlimani, ya kuingiza kiganja tu. Hili hakufundishwa na mtu. Aliwasha karatasi, akautazama moshi wake unakoelekea, na moshi ukamwonyesha kwamba hewa ya moto inapanda kutafuta juu, na kitu kikiondoka juu lazima kingine kiingie chini.

Kisha akapanda gari kwenda Musoma, akashuka mpaka Makoko, kwa wanawake wanaokata mafunjo kando ya ziwa. Alirudi na mikeka ya mafunjo imefungwa mafungu. Akaishona chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ikawa dari, akiacha nafasi kati yake na bati. Mchana wa kwanza Boniphace alikaa ndani saa ya jua kali bila kutoka kwenda kutafuta kivuli.

"Vipi?" Eufrasia akamuuliza.

"Pazuri."

"Pazuri tu?"

"Mama Gati anajua," akasema Boniphace, akatazama ukutani.

Kwa hiyo hewa ilipatikana. Ikabaki joto.

Alianza na jua, kwa kuwa jua halina moshi. Alihamisha kitanda kwenye ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na jua mchana mpaka jioni, ukalishika joto lake hadi giza linapoingia, ukiuegemea unasikia uvuguvugu kama ubavu wa ng'ombe. Akakusanya mawe meusi ya mviringo, akayapanga kwenye kipande cha bati kilichobaki, akayaanika kutwa nzima. Magharibi aliyafunga kwenye gunia, akayaweka chini ya miguu ya mumewe. Watoto wa jirani walikuwa wanakuja kutazama bibi anayeanika mawe.

"Yakikauka utayasaga?" Lukresia akamuuliza.

"Nitakukaribisha ugali wake."

Mawe yalifanya kazi, lakini hayakufika alfajiri. Saa ile ndiyo upepo unashuka mlimani, na Boniphace aliamka akitetemeka, meno yanagongana, kifua kinaanza kulia. Akakohoa damu kidogo kwenye kitambaa, akakikunja haraka. Eufrasia alikiona.

Matiko akaja na wazo lake. "Kule misheni wana sola. Lile bamba la kioo, wameliweka juu ya paa, linavuta jua kutwa."

"Linapasha nyumba?"

"Linawasha taa."

"Basi tutamwangazia vizuri akiwa anatetemeka."

Matiko akajikuna kichwa. "Nilikuwa nasaidia tu, shemeji."

"Najua. Nisaidie udongo."

Maana alikuwa ameshaamua. Moto wa kuni, ndani, kwenye chumba cha mgonjwa, lakini moto wenye njia yake ya kutokea. Alichimba udongo wa kichuguu, akauponda, akauchanganya na nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe, akajenga jiko kwenye kona: mdomo mpana chini, mabega yanayobanana, shingo nyembamba juu. Alilipapasa na kulisugua kwa jiwe laini mpaka likang'aa. Burito akakunja madebe ya mafuta akatengeneza bomba, wakalipitisha ukutani, likachungulia nje. Lilipokauka waliwasha. Moshi uliingia kwenye shingo kwa utii kabisa, watu wakatazamana. Halafu upepo wa mlimani ukaupiga ule mdomo wa nje, na moshi wote ukarudi ndani kwa mkupuo kama mtu aliyefukuzwa. Ikabidi Boniphace atolewe nje tena, safari hii Matiko akimbeba, na kikohozi chake hakikutulia mpaka mchana.

Eufrasia alisimama nje akilitazama lile bomba. Macho yalikuwa yanatoka machozi, ya moshi au ya kitu kingine, hakuyafuta.

"Fundi, niambie ukweli," akasema.

Burito alijibu akiwa anatazama chini. "Bomba lingetakiwa lipande. Litokee juu, lipite kofia ya paa. Kule juu upepo hausukumi, unavuta. Hapa pembeni hata ufanyeje, utarudishwa."

"Basi lipitishe juu."

"Nipitishe juu wapi, mama?"

"Toboa bati."

Burito akaweka nyundo chini.

Sasa hapa inabidi uelewe. Katika ukoo wa Boniphace, paa la mwenye mji halifunguliwagi akiwa hai. Linafunguliwa siku anayotolewa. Mdogo wake ndiye anapanda, anachomoa nyasi za kileleni, anga ionekane, na wote walio chini wanajua kwamba nyumba haina mwenyewe tena. Matiko alimwona baba yake mdogo akifanya hivyo kwa baba yao. Kwa bati hakuna mzee aliyesema inakuwaje, na kwa kuwa hakuna aliyesema, kila mtu aliogopa zaidi.

"Mimi ni fundi," akasema Burito. "Najenga. Hiyo nyingine si kazi yangu."

"Shemeji," Matiko akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Paa la kaka nitalifungua mimi, siku yake. Siku yake haijafika. Usiiite."

"Nani anaita?" Eufrasia aliuliza. "Nesi amesema mwezi wa nane hataumaliza. Wewe unalinda paa, mimi namlinda aliye chini yake."

"Watu watasema umemzika akiwa anapumua."

"Wakisema, na yeye atawasikia."

Matiko alisimama mbele ya ngazi ya fundi, mikono ameikunja. Eufrasia hakubishana naye. Alikwenda jikoni, akapunguza moto chini ya sufuria, akaifunika, maana maharage yakiungua yanakuwa yameungua kweli. Akajifunga khanga ya pili kiunoni, akaikaza. Aliporudi aliinama kwenye mfuko wa Burito, akatoa tindo na nyundo, Burito akajifanya anatazama mbuzi. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye lile tanuri la zamani lililobaki nusu, akapanda juu yake, goti moja, goti la pili, akaushika ukingo wa paa na kujivuta. Hakuwahi kumwona mwanamke juu ya paa katika maisha yake yote. Bati lilikuwa la moto chini ya magoti. Alitambaa kwenye mistari ya misumari, pale ambapo papi, mbao za chini ya bati, zinabeba uzito, mpaka mahali alipokadiria kona ya jiko ipo, akapiga kwa kidole, akasikiliza.

Chini, Matiko alikuwa anakimbia huku na huku. "Shemeji, shuka. Utaanguka. Shuka tuongee."

"Ongea. Nakusikia."

"Lukresia, mwambie huyu."

Lukresia alikuwa amefika na mtungi wake, akautua. "Mimi nimwambie nini? Mimi shingo inaniuma kwa kumtazama tu."

Boniphace alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini, mgongo kwenye ukuta, blanketi mabegani ingawa ilikuwa mchana. Matiko akaenda akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti yote mawili, kama mdogo anavyomshika mkubwa anapoomba jambo zito.

"Kaka. Mwenye paa ni wewe. Tangu nyumba hii imeanza hujasema neno. Dirisha hukusema, mlango hukusema. Leo sema. Mzuie mke wako, au tuambie wewe unataka nini."

Eufrasia alikuwa amesimamisha tindo juu ya bati, nyundo imeinuliwa. Akaiacha hapohapo juu. Hakuweza kumwona mumewe kutoka kule, aliona tu ncha ya blanketi na miguu yake miwili myembamba iliyonyooshwa juani. Alijua kwamba kama ile sauti ikisema shuka, atashuka. Hakuwa amelijua hilo wakati anapanda.

Boniphace aliegemeza kichwa ukutani, akalivuta blanketi. Watu walidhani anatafuta pumzi, na kweli alikuwa anaitafuta, lakini si hiyo tu.

"Kule Bunda," akaanza, akapumzika. "Kwenye bweni la kinu. Tulikuwaga tunalala wanaume watupu, tumepangwa kama magunia. Chakula unajipikia, unakula unatazama ukuta." Akapumzika tena. "Miaka yote ile nilikuwa nawaza nyumba yangu. Sikuwazaga bati, Matiko. Wala dirisha la kioo. Nilikuwa namuwaza huyo aliye huko juu, anapika, na mimi nimekaa karibu."

Matiko alikuwa bado ameyashika magoti yake.

"Nyumba imekuja. Na yeye amehamia kule nyuma, zizini, kwa ajili ya kifua changu. Ananiletea chakula kimefunikwa, kama mgeni. Ningemwambia nini? Anahangaika kwa ajili yangu. Nikanyamaza." Alifuta mdomo kwa kiganja, akakitazama kiganja, akakikunja. Kisha akainua uso kuelekea ukingo wa paa, akapaza sauti kadiri kifua kilivyomruhusu, na haikuwa kubwa, lakini ilifika.

"Mama Gati. Toboa. Nataka moto uwake humu ndani, upike humu, nikiwa nakuona."